Maswali ya Wazamiaji: Jaketi Limenikaa Kama la Mdogo Wangu

Shikamoo Shangazi. Nina urefu wa sentimita 183 na kifua changu, niseme wazi, ni kikubwa. Nimemaliza kozi ya kwanza ya kuzamia na sasa nataka kununua jaketi langu mwenyewe la kuelea, hili mnaloliita BCD. Kwenye kozi nilivaa la kike, saizi L. Mshipi wa tumboni ulinikaa kwenye mbavu, na kila nilipojaza hewa nikiwa juu ya maji nilijiona kama nakabwa. Nikabadilishiwa, nikapewa la kiume saizi M. Urefu ulinitosha, ila mikanda ilinipita juu ya matiti na mabegani ikawa inateleza kila nikipiga mapezi. Muuzaji ananishauri nichukue la kiume saizi L, eti nitalizoea. Nitalizoea kweli? Sitaki nionekane mtu wa makuu. — Twiga

Marahaba, Twiga. Hutalizoea.

Hilo neno "utalizoea" nimelisikia tangu nianze kuzamia, na walioniambia wote walikuwa wanaume wenye vifua bapa kama meza ya kupigia pasi. Mimi nina sentimita 179 na sidiria yangu haipatikani kila duka. Jaketi langu la kwanza lilikuwa la kuazima, la kike, zuri, lina mishono ya zambarau. Siku moja nipo juu ya maji namsubiri mwenzangu, nimelijaza hewa, mshipi ukapanda hadi chini ya matiti, kibofu cha hewa kilichomo ndani ya jaketi kikavimba huku na huku kwenye mbavu, pumzi zikawa fupifupi. Nikadhani ni woga. Mwalimu naye akadhani ni woga, akanishika mkono, akaniambia nitulie. Nikabonyeza kitufe, nikatoa hewa kidogo, na woga wote ukaisha hapo hapo. Tangu siku hiyo nikimwona mwanamke anahema juu ya maji naangalia jaketi kwanza, uso baadaye.

Tatizo lako halianzii kwenye kifua, linaanzia mgongoni. Jaketi likiandikwa "la kike", mshonaji amemfikiria mwanamke mmoja: kiwiliwili kifupi, mabega membamba, nyonga pana. Akitaka kumfikiria mwanamke mkubwa humwongezea upana tu. Urefu hamwongezei, au anamwongezea kwa kubania. Ndiyo maana L yako ilikuzunguka vizuri lakini haikushuka.

Kwa hiyo usiende dukani na urefu wako wa kusimama. Kuna warefu ambao urefu wote uko miguuni, na jaketi la kike linawakaa bila shida. Pima kiwiliwili. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo, kuna mfupa mmoja unaochomoza kuliko wenzake. Hapo ndipo mwanzo. Kisha shika nyonga kama mama anayejiandaa kugomba, viganja vimekalia ncha za mifupa, vidole gumba nyuma. Mstari unaounganisha vidole gumba ndio mwisho. Mtu akupitishie uzi kwenye uti wa mgongo kati ya sehemu hizo mbili, aukate, uuweke mfukoni. Dukani ulaze uzi huo kwenye mgongo wa jaketi, kuanzia juu mikanda inapochomoza hadi usawa wa mshipi wa tumboni. Uzi ukibaki kiganja kizima, lirudishe jaketi kwenye henga hata kama rangi imekupendeza.

Sababu si raha peke yake. Ukivaa jaketi fupi una njia mbili, zote mbaya. Ukikaza mikanda ya mabegani, mshipi unapanda mbavuni pamoja na mifuko ya risasi, yale madini mazito yanayokusaidia kuzama, na uzito wako wote unahamia karibu na kifua. Ukiilegeza ili mshipi ushuke kiunoni, mtungi wa hewa nao unashuka, unakugonga makalio, na valvu yake huifikii tena kwa mkono.

Sasa mikanda. Ya kiume hushuka wima kutoka shingoni, na kwako wima maana yake ni juu ya titi. Jaketi lililokatwa vizuri huipeleka mikanda nje, ikazunguka titi kwa upande wa kwapa. Mengine yana bizimu la begani linalozunguka lenyewe kufuata mwili, na kwa mwenye kifua hicho ni kifaa cha thamani kuliko mifuko kumi. Angalia na mkanda mdogo wa kifuani, ule unaounganisha mabega mawili. Lazima uweze kuupandisha hadi chini kidogo ya mitulinga. Kama umeshonewa mahali pamoja na mahali penyewe ni katikati ya matiti, hakuna dawa. Ukiufunga unaumia, ukiuacha wazi mabega yanateleza, kama yalivyokufanyia hilo la kiume. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na sisi la kiume tunaliazima hata tukiwa tumelinunua kwa fedha zetu.

Basi uchukue aina gani? Jaketi la kawaida, ambalo kibofu chake kinakuzunguka hadi tumboni, ningelikwepa. Likijaa hewa linatafuta nafasi, na nafasi iliyobaki ni mbavu zako. Yale ambayo kibofu kiko mgongoni tu huacha kifua na tumbo huru. Utaambiwa yanakuangusha kifudifudi juu ya maji. Ni kweli, ukiyajaza kupita kiasi. Jaza hewa ya kutosha kuinua kidevu tu, egemea nyuma kama uko kwenye kiti cha uvivu, na hamishia risasi kidogo kwenye mifuko ya nyuma karibu na mtungi. Yapo pia yanayouzwa kwa vipande, mgongo saizi yake, mabega saizi yake, mshipi saizi yake. Kwa mwili kama wako hilo ni jambo la kuulizia kabla ya kitu chochote.

Lakini ukiniuliza mimi navaa nini, navaa bamba na bawa. Bamba ni kipande cha chuma cha pua au alumini kinacholala mgongoni, bawa ni kibofu kilichobanwa kati ya bamba na mtungi, na mbele hakuna kitu isipokuwa utepe mmoja wa upana wa sentimita 5 unaopita mabegani, ukarudi kiunoni, na mwingine unaopita katikati ya mapaja. Hakuna saizi ya kike wala ya kiume kwenye utepe. Unaukata mwenyewe. Nilipofunga wa kwangu mara ya kwanza nilikaa sakafuni jioni nzima, navuta huku navuta kule, nikiapa kwamba nimepoteza fedha. Utepe mpya ni mkaidi, haupiti kwenye vile vipande vya kuukazia bila kuumiza kucha. Siku ya tatu majini nilisahau kama nimevaa. Bamba la chuma cha pua lina karibu kilo 3, kwa hiyo risasi hizo unazipunguza kiunoni, ila kusafiri nalo ni mzigo. La alumini lina karibu kilo 1. Angalia tu kwamba bamba lina urefu unaokufaa, maana nayo yapo mafupi na marefu, na kwamba bawa si kubwa mno. Kwa mtungi mmoja kwenye maji ya joto, bawa la kuinua kilo 13 hadi 18 kwa kawaida linatosha. Kubwa zaidi ya hapo hewa inazurura humo ndani kila ukigeuka.

Na ule mkanda wa mapajani, watu wanauonea haya. Wewe usiuonee. Ndio unaozuia vyote hivi visipande masikioni. Usiukaze tu hadi uvute mabega chini. Mkono wa bapa upite chini yake bila kulazimisha.

Dukani vaa suti utakayozamia nayo na sidiria utakayozamia nayo. Sidiria ya waya iache nyumbani, mkanda ukilalia ule waya kwa dakika 50 utaiona alama yake hadi kesho. Ya michezo, ya kubana kiasi, ndiyo yenyewe. Suti yenyewe ijaribu kabla ya jaketi, kwa sababu zipu iliyokaza kifuani utailaumu kwa kosa la mshipi. Ukishavaa, jaza jaketi hadi valvu ya usalama ianze kutoa hewa yenyewe. Hesabu 1 hadi 20 kwa sauti, kwa pumzi moja. Ukikwama kwenye 9, vua. Kisha mtu ashike mpini wa nyuma ya shingo na kukuinua kidogo: mabega ya jaketi yakigusa masikio, hilo ni kubwa au fupi.

Jaribio la mwisho wauzaji hawalifanyi kwa sababu wao hawalihitaji. Funga macho. Tafuta bizimu la tumboni, mpini wa kuachilia risasi, mpira wa kujazia hewa, kamba ya valvu ya kutolea hewa iliyo nyuma chini. Sisi wenye vifua hatuoni kiunoni kwetu tukiwa tumevaa, ukijumlisha na barakoa ndiyo kabisa. Pete za kifuani za kuning'inizia vitu nazo zikikaa chini ya titi huzioni, zipandishe. Kipumulio cha akiba, wengi hufundishwa kukibana katikati ya kifua. Kwako kitachomoka au kitaning'inia. Mimi nakivaa shingoni kwa kamba ya mpira, kinakaa chini ya kidevu, nakipata hata gizani.

Hilo la makuu sijalielewa. Anayenunua viatu saizi yake ana makuu gani? Mwaka 1961 Mfaransa Maurice Fenzy alipotoa kibofu chake cha kuvaa shingoni, kitu chenyewe kililala kifuani na kujaa hapo hapo. Hebu jiwazie mwenyewe ndani yake. Jaketi lenye umbo la koti lilikuja baadaye, 1971, kutoka kwa Scubapro. Na Dottie Frazier, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa uzamiaji tangu 1955, wakati wanawake hawakuwamo kabisa kwenye kazi hiyo, alifikia kutengeneza suti za kuzamia mwenyewe. Hata yeye hakusubiri kuzoea.

*

Shangazi, mimi ni mwalimu wa kiume. Kukagua vifaa kabla ya kuingia majini ni lazima, lakini wanafunzi wa kike naona haya kuwashika mikanda ya kifuani, na nikiacha naona sijafanya kazi yangu. Nifanyeje? — Mwalimu Mwenye Haya

Haya yako ni ya adabu, usiyatupe. Mwambie kabla: "Nitagusa bizimu hili na hili, ni sawa?" Kisha simama mbele yake na jaketi lako mwenyewe mwilini, gusa la kwako, naye aguse la kwake huku ukitazama. Mkanda ukihitaji kukazwa, ashike yeye, uvute wewe kwa ncha ya mbali, au avute mwenyewe. Kwa njia hiyo mwanafunzi anajifunza vifaa vyake kwa vidole vyake, jambo ambalo ungelimnyima kama ungemfungia kila kitu. Ila mtungi, kama umefunguliwa na umekazwa, kagua mwenyewe kwa mkono wako. Huo uko mgongoni, hauna haya.

*

Shikamoo Shangazi. Rafiki zangu wanasema matiti makubwa yanaelea, kwa hiyo niongeze risasi kilo 2 moja kwa moja. Ni kweli? — Nauliza Tu

Marahaba. Kuelea yanaelea, mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji. Ila kilo 2 za kukisia wamezitoa wapi? Risasi haipimwi kwa sidiria. Mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa umebaki na shinikizo la bar 50 hivi, kaa wima juu ya maji, toa hewa yote kwenye jaketi, shika pumzi ya kawaida. Maji yakikufika usawa wa macho, umepatia. Ukijipima mtungi ukiwa bado umejaa, ongeza risasi ya kufidia hewa utakayoivuta: wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una hewa ya uzito wa karibu kilo 3, na hewa hiyo utaivuta yote isipokuwa akiba, mtungi ukizidi kuwa mwepesi.

Kinachokusumbua huenda si kiasi bali mahali. Kifua kikielea na miguu ikizama, utajiona unasimama badala ya kulala, utapiga mapezi kujiinua, na hewa itaisha mapema. Kabla ya kugusa risasi, legeza mkanda wa mtungi, upandishe mtungi sentimita 3 kuelekea kichwani, kaza, jaribu tena bwawani. Ukianza kugonga kisogo kwenye valvu ukiangalia mbele, umezidisha, ushushe kidogo.