Kasauti ka kompyuta kanakopendeza: maswali yenu

Nimepandisha sauti ya kompyuta kwa programu ili iwe nyembamba ya kitoto, imetoka ya kuudhi. Tatizo ni nini? (Morogoro)

Umepandisha sauti, mwili umeuacha ule ule. Kwa mwanamume, njia ya sauti toka kooni hadi midomoni ina urefu wa kama sentimita 17. Ya mtoto ni fupi zaidi, kwa hiyo hata mwangwi wa ndani ya mdomo wake ni mwingine, na sikio husikiliza vyote viwili kwa pamoja. Ukigusa kimoja tu, msikilizaji anasikia baba mzima anajibana koo. Waliotengeneza DECtalk, mashine ya Kimarekani ya kusoma maandishi iliyotoka 1984, walilijua hilo: waliweka humo kipimo cha ukubwa wa kichwa, na Kit, sauti ya kitoto, akapewa kichwa kidogo kuliko cha Paul, sauti ya mwanamume. Kwenye programu yako tafuta sehemu ya fomanti, yaani ule mwangwi wa ndani ya mdomo, uipandishe kidogo kidogo pamoja na sauti.

Hatsune Miku anayeimba Kijapani ni mtu au mashine? (Mombasa)

Mtu yumo. Mwigizaji wa sauti, Saki Fujita, alirekodiwa vipande vipande vya matamshi, na mwaka 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo ikavitoa kama programu inayotumia teknolojia ya Yamaha. Unaandika maneno na noti, yeye anaimba. Mimi naona utamu wake uko pale vipande vinapoungana na kiungo kinasikika. Wangemsafisha mpaka akawa mwimbaji kamili, angepotea kati ya waimbaji wengine.

R2-D2, roboti wa filamu ya Star Wars, hasemi hata neno moja. Mbona tunampenda? (Arusha)

Kwa sababu ya kiimbo. Ben Burtt, fundi wa sauti wa filamu hiyo ya 1977, alichanganya sinthesaiza, chombo cha umeme cha kutengeneza sauti, na milio ya kitoto aliyoitoa kwa mdomo wake mwenyewe. Maneno hayamo, ila akishangaa unajua, akinuna unajua. Ndivyo tunavyozungumza na vichanga, nao wanacheka bila kuelewa lolote.

Naandaa huduma ya simu ya kuulizia salio. Niweke sauti ya kitoto? (Nairobi)

Salamu, sawa. Kiasi cha pesa kisomwe na mtu mzima. Aliyekatwa pesa asizozielewa hana hamu ya kubembelezwa.