Tairi linakwaruza fenda: gari liinuliwe wapi?

SWALI: Habari, fundi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2003. Nimeifunga koilova (shokapu na springi za kurekebishwa urefu), na rimu za inchi 17x8 zenye ofuseti (mm kutoka katikati ya rimu hadi uso unaofungwa kwenye kitovu) +35 na matairi ya 235/45R17. Nikipita tuta nikiwa na abiria wawili nyuma, tairi la nyuma linakwaruza fenda. Nikikata kona kali, la mbele nalo linasugua plastiki ya ndani. Nimezungusha kola ya springi (pete ya uzi inayoishikilia) nikainua gari mm 15 pande zote nne; kelele imepungua ila haijaisha. Niendelee kuzungusha? – M.K., Thika

JIBU: Usiendelee, ndugu. Irudishe hiyo kola ilipokuwa.

Tairi halikwaruzi gari likiwa limesimama. Linakwaruza shokapu ikiwa imebonyea, na kola ya springi haibadilishi mahali shokapu inapoishia. Ukiipandisha, bodi inasimama juu zaidi, lakini ukilidondosha gari kwenye shimo lenye kina cha kutosha, tairi linafika palepale lilipofika jana. Kinachoongezeka ni nguvu inayohitajika kulifikisha huko, ndiyo maana kelele imepungua bila kuisha. Tena umepunguza nafasi ya gurudumu kushuka, kwa hiyo shokapu itaanza kugonga kikomo chake cha juu kila gari linaporuka tuta.

Angalia chini ya koilova. Kama mguu wake (kipande kinachofungwa kwa boliti mbili kwenye nako, chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu) una uzi na kola yake, gari liinulie hapo. Legeza kola ya chini, zungusha mwili wa shokapu utoke nje ya mguu, na koilova nzima inarefuka. Sasa hata shokapu ikibonyea hadi mwisho, gurudumu limebaki chini kwa mm zile zile ulizorefusha. Safisha uzi kwa brashi na mafuta kwanza, maana mchanga ukisagwa ndani ya kola ya alumini uzi unakwama usitoke tena. Pima kwa rula kola ikizunguka mara 5 ujue mzunguko mmoja ni mm ngapi. Nyingi ni 1.5 au 2. Kiasi cha uzi kinachopaswa kubaki ndani ya mguu kimeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, na kisipungue hata kidogo.

Koilova zisizo na uzi chini hazina dawa hiyo. Kwazo, ongeza raba ya kikomo, ile inayovishwa kwenye fimbo ya shokapu, au weka springi ngumu zaidi.

Sasa hesabu ya rimu, kwa sababu urefu pekee hautakutosha. STI ya mwaka huo ilitoka na 17x7.5 +53 na tairi 225/45. Ukingo wa rimu yako umetoka nje mm 24 zaidi ya ule, na tairi lako lina kipenyo kikubwa kwa mm 9. Hiyo mm 24 ndiyo mzizi wa tatizo lako.

Kabla ya kurekebisha chochote, tafuta linapogusa. Gari likae juu ya stendi, siyo jeki, kwenye sakafu ngumu. Toa gurudumu, fungua waya wa ABS na hozi ya breki kwenye mguu wa koilova, fungua na linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha kulia na kushoto) pande zote mbili, la sivyo upande wa pili utakuwa unakuvuta. Toa koilova, vua springi, irudishe ikiwa na raba yake tu. Springi ya koilova iliyobanwa mm chache hulegea kwa kola, lakini ya kiwandani imebanwa kwa nguvu ya kuua: bila kibanio chake usiguse nati ya juu.

Rudisha gurudumu. Bandika udongo wa kufinyanga wa watoto kwenye mdomo wa fenda, kisha pandisha kitovu kwa jeki taratibu hadi raba ibonyee karibu nusu. Kwa mbele, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Udongo uliobonyezwa utakuonyesha nafasi iliyobaki. Ikiwa chini ya mm 5, kwenye barabara patagusa, maana bushi na ukuta wa tairi navyo hupinda.

Nyuma ya Impreza hiyo, mara nyingi kinachogusa kwanza ni pembe ya bampa inapoungana na fenda, na skrubu yake iliyoelekeza kichwa kwenye tairi. Ihamishe hiyo kabla hujagusa chuma.

Kemba (mlalo wa tairi; hasi ni kichwa chake kulala ndani) inasaidia sana. Kwa tairi lako, digrii 1 ya kemba hasi huingiza kichwa cha tairi ndani kama mm 5 hadi 6. Mbele, boliti ya juu ya nako ni ya kiwandani na ina kichwa cha kuzungushia kemba. Nyuma haipo, ununue boliti ya namna hiyo. Kumbuka tofauti moja: ukiongeza kemba kwenye nako, tairi linaisogelea koilova. Ukiongeza kwenye bamba la juu la koilova, linalofungwa kwenye bodi, koilova inalala pamoja na tairi na nafasi kati yao haibadiliki. Digrii 2 mbele na 1.5 nyuma zinatosha kwa gari la kila siku. Ile plastiki ya mbele ipashe moto kwa bomba la hewa ya moto na uisukume ndani.

Ukimaliza, boliti za nako zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba ya kitabu cha gari (zinazidi Nm 150, mkono haukadirii hapo). Sogeza gari mbele na nyuma mita 20, ndipo upime kutoka katikati ya kitovu hadi fenda. Kulia na kushoto zisipishane zaidi ya mm 3. Usisawazishe mbele na nyuma kwa macho: fenda ya mbele ya Impreza imekatwa juu zaidi, na wanaoishusha pua ili mianya ilingane ndio wanaorudi na tairi linalosugua. Kisha alaimenti siku hiyo hiyo, kwa sababu kila ukigusa kemba, uelekeo wa matairi nao umebadilika.

SWALI: Naweza kukunja mdomo wa fenda ya nyuma kwa nyundo? – A.S., Mombasa

JIBU: Kwa nyundo, hapana. Mdomo huo ni mabati mawili yaliyochomelewa pamoja na kuzibwa kwa gundi. Ukiugonga, rangi inapasuka na gundi inaachia, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa kutu itaanzia ndani usikoiona. Tumia rola ya fenda inayofungwa kwenye kitovu. Pasha rangi hadi isishikike kwa mkono, kunja kidogo kidogo kwa kurudia mara nyingi, kisha ziba upya na upulize nta upande wa ndani.

SWALI: Toyota Altezza yangu, tairi la mbele linagusa mkono wa juu wa sasipensheni. Spesa (bamba la kuwekwa kati ya kitovu na rimu) ya mm 5 ni salama? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hesabu mizunguko ya nati. Stadi (boliti za gurudumu) za Altezza ni M12x1.5, hivyo nati ishike angalau mizunguko 8 kamili. Ikipungua, badilisha stadi ziwe ndefu kabla gari halijatoka nyumbani. Halafu rudia kipimo cha udongo kwenye fenda, maana umelisukuma tairi nje mm 5.