Mkate wa jana kwa tosti ya mayai yenye kujazwa

Mkate wa jana ndio unaofaa, si ule uliotoka tanuri asubuhi hiyo, kwa sababu mkate uliokauka kidogo hunyonya mayai na maziwa bila kumeguka; hata Wafaransa huiita tosti hiyo pain perdu, yaani mkate uliopotea. Hapa Dodoma hewa kavu hunisaidia: mimi huacha vipande vya mkate vyenye unene wa sentimita 3 mezani usiku kucha, asubuhi huvipasua ubavuni kama mfuko, nikatia siagi ya karanga na ndizi mbivu iliyopondwa, ndipo nikavichovya katika mayai na maziwa. Moto uwe mdogo, la sivyo nje kutaungua na yai la ndani libaki bichi. Mkate wa dukani uliokwisha kukatwa ni mwembamba mno kupasuliwa, hivyo tia kijazo kati ya vipande 2 na uvibane pamoja.