Programu ni huria, lakini ukumbi unalipiwa

Niliagiza maandazi 80 kwa mama mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, mawili kwa kila mtu, maana waliojiandikisha kwenye warsha ya mkutano wetu wa programu huria walikuwa 40. Kufika saa nne asubuhi walikuwa wametokea 17. Mwezeshaji wetu, aliyekesha kwenye basi kutoka Dar es Salaam, akaanza kufundisha QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani, mbele ya viti vitupu. Jioni nilipanda daladala ya Nyegezi nimepakata ndoo ya maandazi yaliyopoa.

Warsha ile ilikuwa ya bure, na hapo ndipo tulipokosea. Tulijiambia kwamba mkutano wa programu huria ukimtoza mtu hela ya kujifunza, watu watatusema. Waingereza wana neno moja, "free", kwa uhuru na kwa kutolipa, ndiyo maana Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, amelazimika kueleza kwa miaka mingi kwamba anazungumzia uhuru wa kutumia, kubadili na kugawa programu, si bei. Sisi tunayo maneno mawili, huria na bure, na bado tulichanganya. Leseni ya GPL, ambayo QGIS inaitumia, inaruhusu kabisa kuuza nakala kwa bei yoyote utakayo. Kama nakala inauzika, sembuse siku nzima ya mwalimu.

Mwaka uliofuata tukaweka bei. Ukumbi TSh 250,000, ahsante ya mwezeshaji 300,000, nauli na lodji yake 250,000, dizeli ya jenereta na bando 100,000. Hizo ni 900,000, ziwe zimelipwa hata akija mtu mmoja. Chai na chakula cha mchana ni 15,000 kwa kichwa. Ukumbi ulikuwa wa watu 30, ila mimi nikapiga hesabu kwa watu 20, kwa sababu ukumbi kujaa huwa ni bahati. Gawanya, ongeza chakula: 60,000 kwa mtu.

Bei hiyo hatukumpa kila mtu. Aliyejilipia mwenyewe alitoa 60,000, aliyelipiwa na mwajiri 120,000, mwanafunzi 20,000. Hapa kwa mwanafunzi ndipo watu wanapokosea. Usishuke chini ya gharama ya sahani yake. Akilipa 20,000 na kula 15,000, kila mwanafunzi anayeongezeka anakuachia 5,000. Akilipa 10,000, kila anayeongezeka anakupunguzia, na utajikuta unaomba Mungu wasije wengi.

Tulipata watu 8 waliolipiwa na mwajiri, 6 waliojilipia na wanafunzi 10. Jumla 1,520,000, matumizi 1,260,000. Na wote 24 walifika, mmoja akiwa na homa. Mtu aliyetoa hela yake anaamka.

Sasa, posho. Kama umewahi kuandaa chochote hapa Mwanza unajua simu ile: "Kaka, barua yenu tumeiona. Posho ni kiasi gani?" Tumezoeshwa na semina za miradi, ambako mhudhuriaji ndiye anayelipwa. Mara ya kwanza nilijiumauma. Siku hizi najibu moja kwa moja: "Mkuu, hii ni mafunzo, ofisi ndiyo inalipa, nikutumie profoma?" Wengine hukata simu. Wengine huuliza profoma inatumwa lini. Hao wa pili ndio wako, lakini wawahi: mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na barua inayofika baada ya bajeti kupita itajibiwa kwa heshima tu. Risiti nayo iwe halali, la sivyo mhasibu atakurudisha mlangoni.

Wadhamini nimewaweka mwishoni kwa makusudi. Kampuni moja, siitaji, ilituahidi 2,000,000. Tukachapa bango lenye nembo yake kubwa kuliko yetu. Wiki tano baada ya mkutano ikaingia nusu, na ile nusu nyingine hadi leo. Tangu hapo ahadi siihesabu. Nahesabu ujumbe wa benki. Tena siombi "udhamini" kwa jumla. Nauza viti: viti 10 vya wanafunzi, 40,000 kila kimoja, kufidia tofauti ya bei yao na bei ya kawaida. Mtu wa 400,000 anapatikana kirahisi kuliko wa milioni mbili, na ukimletea majina na picha za aliowalipia, mwakani hana haja ya kubembelezwa. FOSS4G, mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, ilipofanyika Dar es Salaam mwaka 2018 kulikuwa na fungu la namna hiyo la kuwasaidia watu wafike. Wazo si langu.

Msaada wa vitu usiudharau. Fundi kompyuta mmoja wa Makoroboi alituazima ekstensheni sita, na umeme ulipokatika saa nane, UPS zake ndizo zilizotuvusha hadi jenereta ikawaka. Faili la kusakinisha QGIS nalo lina ukubwa wa kutosha kumaliza bando la ukumbi mzima, kwa hiyo tunalinakili kwenye flashi mapema na kuzipitisha mezani.

Jambo moja wenzangu hawakubaliani nami: kumlipa mwezeshaji. Wanasema sisi sote tunajitolea, kwa nini yeye alipwe? Mimi naona aliyeandaa masomo wiki tatu, akaja na mazoezi yenye ramani za mitaa ya Igoma badala ya mji wa Ulaya, hajitolei kama mimi ninayepanga viti. Tunabishana kila mwaka, na kila mwaka bahasha yake inatoka.

Mama wa Kirumba bado ndiye anayetupikia. Nampigia jioni ya kuamkia warsha, orodha ya waliolipa ikiwa mkononi. Mara ya mwisho nilimwambia maandazi 52, akacheka: "Ndoo nisilete, siyo?"