Jibu: wakala wa AI anafuta buking badala ya kuihamisha

Ndugu yangu wa Nungwi, umeuliza kwa nini wakala wako wa AI (programu inayoshughulikia maombi ya wageni yenyewe) amefuta buking ya mgeni aliyetaka kusogeza tarehe tu. Tatizo ni maelezo ya zana yako, yaani kitendo ulichompa wakala akitumie kwenye mfumo wako: "Hushughulikia buking." Hayo hayamwambii kitu. Igawe mara mbili, hamisha_buking na futa_buking, kila moja useme itumike lini na isitumike lini. Kwenye ya kufuta andika: "Hufuta buking kabisa, hairudi, na chumba huwa wazi papo hapo. Kusogeza tarehe, tumia hamisha_buking."

Tarehe itakiwe hivi, mwaka-mwezi-siku: 2026-03-04, maana 04/03 mwengine huisoma Aprili 3. Saa ndiyo hatari zaidi kwetu. Mgeni akiandika "saa nne asubuhi", wakala anaweza kuingiza 04:00; eleza wazi kuwa ni 10:00. Bei lazima iwe na sarafu, TZS au USD.

Ujumbe wa kosa nao uangalie. "Imeshindikana" humfanya wakala ajaribu tena, ukapata buking mbili. Andika: "Chumba kimeshachukuliwa, usirudie, muulize mgeni." Na kitendo cha kufuta usikilinde kwa maneno matupu: seva yenyewe (kompyuta inayoendesha mfumo wa buking) ikatae mpaka mtu wa mapokezi athibitishe.