Pogo: pa kuanzia kwa wanaoingia kwenye usanifu wa roketi

Wadogo zetu mnaoanza uhandisi mitambo hapa Arusha, msipige hesabu za injini peke yake na za mwili wa roketi peke yake. Pogo ni mtetemo wa roketi wa juu na chini unaojikuza wenyewe kwa mzunguko. Mwili ukicheza juu na chini, kimiminika kwenye bomba la kulishia hucheza nao, shinikizo kwenye mdomo wa pampu hupanda na kushuka, msukumo wa injini hufuata, kisha huuchezesha mwili zaidi.

Anzeni na bomba. Likiwa wazi upande wa tangi na kama limezibwa upande wa pampu, masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi) ni kasi ya sauti kugawanya kwa mara nne ya urefu. Katika oksijeni kimiminika sauti husafiri karibu mita 900 kwa sekunde, hivyo bomba la mita 12 linatoa takribani hezi 19. Lakini viputo vya mvuke kwenye mdomo wa pampu huishusha namba hiyo sana, na athari yake hupimwa kwa kuijaribu pampu yenyewe. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika.

Mwili nao haukai na masafa mamoja: tangi zikipungua, hupanda. Choreni mistari yote miwili, wa masafa ya bomba na wa masafa ya mwili, tangu kuwasha hadi kuzima. Inapokaribiana ndipo penye hatari. Ndiyo maana roketi ya Saturn V, katika safari ya Apollo 6, tarehe 4 Aprili 1968, ilitetemeka kwa hezi 5 hivi kwa karibu nusu dakika tu, kuelekea mwisho wa kazi ya hatua ya kwanza (sehemu ya chini ya roketi, inayowaka kwanza).

Tiba ni chemba ya gesi karibu na pampu, ila msiiweke kwa kubahatisha. Roketi ya Titan II ilipowekewa upande wa kioksidishaji (kimiminika kinachounguza mafuta) tu, Desemba 1962, mtetemo uliongezeka na injini ikazimika mapema. Ilitulia Novemba 1963, pande zote mbili, wa kioksidishaji na wa mafuta, zilipotibiwa.

Ili mwone chemba inavyotuliza kishindo cha maji yanayozuiwa ghafla, karakanani tumieni bomba la plastiki lenye maji, valvu ya kufunga ghafla, na tii (kiungo chenye umbo la T) yenye kipande cha wima kilichozibwa juu, chenye hewa. Geji ya mshale huitikia polepole mno. Tafuteni kihisi cha kielektroniki kinachosoma walau mara 1,000 kwa sekunde. Rudieni siku kadhaa bila kumwaga maji: hewa huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji, chemba hujaa maji, na kishindo hurudi. Kwa sababu hiyo chemba ya roketi huhitaji kiwambo cha kutenga gesi, au gesi inayoongezwa muda wote injini inapowaka.