Kompyuta haiioni kona iliyo mbele

Kaka, umeuliza kama kujifunza klachi bado kuna maana wakati kompyuta inabadilisha gia haraka kuliko mkono wa mtu. Kwa haraka, hatubishani. Giaboksi ya klachi mbili, kama ile Volkswagen waliyoiweka kwenye Golf R32 mwaka 2003, huwa imeshaandaa gia inayofuata. Klachi moja ikiachia, nyingine inashika papo hapo. Hakuna mguu utakaoshinda hilo.

Lakini ustadi si haraka tu. Kompyuta nyingi husoma mwendo wa gari, mzunguko wa injini na unavyokanyaga mafuta. Kona iliyo mbele unaiona wewe. Teremka mlima wa Kanaba kuelekea Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, gari limejaa watu na mizigo, uiache D (nafasi ya kawaida ya kwenda mbele kwenye otomatiki) ijiamulie: mara nyingi itang'ang'ania gia ya juu, nawe utabaki na breki peke yake mpaka zipate joto kali na kuanza kulegea. Aliyezoea gia za mkono hushusha gia kabla mteremko haujaanza, injini ikalizuia gari.

Na magari yetu mengi hapa Uganda ni otomatiki zilizotumika Japani. Nyingi zina 2 na L, za kulibakiza gari kwenye gia za chini, au alama za kujumlisha na kutoa pembeni mwa D, za kupandisha na kushusha gia mwenyewe. Inaniuma sana kuona dereva wa miaka mingi hajawahi kuzigusa! Kwenye foleni ya Jinja Road, Kampala, sawa, D inatosha. Mlimani punguza mwendo kwanza, weka 2, ondoa mguu kwenye mafuta, halafu gusa breki kwa vipindi tu.